Lijamu ya kurukia viunzi: namna ya kumchagulia farasi wako

Mvute kwa hatamu zote mbili farasi aliyewahi kushindana kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, ataongeza mbio. Si ukaidi. Miaka yote ya uwanjani joki, yule mpanda farasi wa mbio, alizibana hatamu, farasi akaegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kule kuegemea ndiko kulikokuwa ishara ya kwenda. Leo amestaafu, ameuzwa kwa bei nafuu kwa mtu wa Karen au Lang'ata anayetaka kuruka viunzi vya sentimita 80, na mtu huyo akiona kiunzi kinamjia haraka anafanya ambalo kila binadamu angefanya: anavuta. Wiki mbili baadaye anapiga simu kuuliza ni lijamu gani kali itakayomsimamisha farasi wake.

Simu hiyo nimeipokea mara nyingi, na zamani mpigaji nilikuwa mimi. Siku hizi namjibu kwa swali: akishatua, anapiga hatua ngapi kabla hajarudi mkononi mwako? Wengi hawajui, kwa sababu wamekuwa wakitazama tu anavyokijia kiunzi. Farasi akiruka ananyoosha shingo mbele na chini, anakunja mgongo kama upinde, na miguu ya nyuma inafuata. Akishajua kwamba angani atachomwa mdomo, anainua kichwa, mgongo unabonyea, miguu ya nyuma inaburuta, nguzo zinaanguka. Mwisho anaona heri asiruke kabisa. Kwa hiyo lijamu inayomsimamisha vizuri kwenye uwanja bapa inaweza kuwa ndiyo hiyo hiyo inayomharibia kuruka. Ya kurukia inapimwa mahali pawili: shingo ikiwa juu ya kiunzi, na hatua tatu za kwanza baada ya kutua.

Tuelewane maneno kabla ya kuendelea. Lijamu ni kile chuma kinachokaa mdomoni. Hatamu ni mikanda unayoishika mkononi. Najua wengi tunaita vyote hatamu, lakini hapa tukivichanganya tutapotezana.

1. Anza na mdomo, duka baadaye

Mwite daktari wa mifugo anayejua meno ya farasi. Farasi wa kazi akaguliwe meno angalau mara moja kwa mwaka. Mimi hupendelea kila miezi 6 kwa wale wachanga, maana meno yao bado yanabadilika. Magego ya farasi hayaachi kusogea nje kadiri yanavyolika, na pembeni yanaota ncha kali kama kopo lililofunguliwa vibaya. Ncha hizo zikikwangua shavu kila unapovuta hatamu, farasi atarusha kichwa hata ukimvalisha lijamu ya dhahabu.

Mwambie daktari akuonyeshe na wewe uone kwa macho yako. Kati ya meno ya mbele na magego kuna nafasi isiyo na jino, ufizi mtupu juu ya mfupa mwembamba. Hapo ndipo lijamu inapokaa. Pitisha kidole: utausikia mfupa kama ukingo wa sahani, na ngozi iliyoufunika ni nyembamba mno. Madume wengi wana chonge katika nafasi hiyo. Majike wengi hawana. Mbele kabisa ya gego la kwanza la juu, farasi wengine wana kijino kidogo kinachoitwa jino la mbwa mwitu. Hakina kazi yoyote, ila kinaweza kugongana na lijamu.

Nina dume mmoja mwekundu aliyetoka kwenye mbio, jina lake Tarishi. Miezi minne nilimpigania. Nilianza na lijamu nyepesi, nikapanda nyingine, nikapanda tena, kila moja ikifanya kazi siku tatu halafu basi. Saisi wetu, yaani mtunza farasi, mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye mabanda ya mbio kabla mimi sijajua kufunga tandiko, alikuwa akinitazama kimya. Siku moja akaniambia, "Mama, hebu mshike kushoto uone." Nikavuta hatamu ya kushoto peke yake, taratibu. Tarishi akafunua mdomo na kuupinda kama mtu mwenye jipu kwenye fizi. Kulia, hakuna kitu. Daktari alipokuja alikuta kipande cha jino la mbwa mwitu upande ule ule, kimezama chini ya ufizi. Kilitolewa, tukampumzisha mpaka kidonda kikapona, na zile lijamu tatu nilizokuwa nimenunua zikabaki zikining'inia ukutani kama nguo za mtu aliyepungua unene.

Mzee alikuwa amekwisha kujua. Nilipomuuliza mbona hakusema mapema, akajibu kwamba sikuuliza.

2. Ondoa mengine yote yanayofanana na tatizo la mdomo

Hili nitalipita haraka ingawa ndilo linalorukwa zaidi. Tandiko linalobana mabega humfanya farasi akimbie maumivu. Mgongo unaouma, hivyo hivyo. Farasi anayekula nafaka za kazi nzito huku akisimama bandani siku nzima atatoka kama chupa ya soda iliyotikiswa. Mpunguzie chakula cha nguvu, mwongezee nyasi na saa za kutembea malishoni, kisha mwangalie tena baada ya wiki mbili.

Halafu kuna mkono wako. Kama bado unajishikilia kwa hatamu unaporuka, hakuna lijamu itakayokufaa, na ile kali itamuumiza farasi wako vibaya. Tafuta mkanda wa zamani wa kikuku, kile chuma cha kukanyagia, mfunge farasi shingoni kwa ulegevu, na kila unaporuka uushike huo pamoja na manyoya ya shingo. Hauna gharama. Nimeona watoto waliofundishwa hivyo wakiwa na mikono mizuri kuliko watu wazima wanaobadilisha lijamu kila mwezi.

3. Pima

Chukua kamba nene, ipitishe mdomoni pale lijamu inapokaa, uinyooshe bila kuivuta, uweke alama kwa kalamu mahali midomo inapoishia pande zote mbili. Pima kati ya alama. Farasi wa damu ya mbio, wale wenye vichwa vyembamba, wengi huangukia sentimita 12.5 hadi 13.5. Farasi wadogo wa watoto huwa chini ya hapo, na wale wakubwa wa damu ya Ulaya hufika 14 au zaidi. Madukani vipimo vingi viko kwa inchi: 5 ni karibu sentimita 12.7.

Lijamu yenye pete zinazozunguka iongeze nusu sentimita hivi kila upande, ili pete isimfinye mdomo. Yenye pete zilizokazwa inaweza kukaa karibu zaidi. Ikiwa pana mno, itateleza huku na huku na kile kiungo cha katikati hakitakaa katikati tena, na ukivuta upande mmoja ni kama unampitishia msumeno.

Unene nao una uongo wake. Tuliambiwa zamani kwamba lijamu nene ni laini. Ni kweli kwamba waya mwembamba unakata, na lijamu za waya uliosokotwa mimi siziruhusu zizini kwangu. Lakini mdomo wa farasi si pango. Ulimi wake mnene umeijaza karibu nafasi yote, na kaakaa liko papo hapo juu. Ukimsukumia chuma cha milimita 20 anashindwa kufunga mdomo. Kwa farasi wa mbio, milimita 14 hadi 16 ndipo ninapoanzia.

4. Kipande cha mdomoni

Anza na lijamu nyepesi isiyo na mtaimbo, yaani kijiti cha kuongeza nguvu ya mkono. Inaitwa snafeli. Nguvu ya mkono wako inafika mdomoni kama ilivyo, haiongezwi na kitu. Ndani ya jamii hiyo kuna ndugu watatu wa kuwafahamu.

Ya kiungo kimoja ndiyo utakayoikuta kila banda. Ukivuta hatamu zote mbili inajikunja kama koleo la kuvunjia njugu, inabana taya pande mbili, na kwa farasi mwenye kaakaa la chini kile kiungo kinaweza kumgusa juu. Wengine hawajali. Wanaojali hufungua mdomo papo hapo.

Ya viungo viwili ina kijipande katikati, cha umbo la punje ya haragwe. Inaulalia ulimi vizuri na haina kile kikunjo. Kama ungenilazimisha kununua lijamu moja tu kwa farasi nisiyemjua, ningechukua hii, na kijipande kiwe cha mviringo. Angalia sana: ipo inayofanana nayo ambayo kijipande chake ni bamba bapa, na hilo bamba likikaa vibaya linaukandamiza ulimi kwa ukingo wake.

Ya chuma kimoja kisicho na kiungo, kilichopinda kidogo kuupisha ulimi, hutulia kabisa mdomoni. Inamfaa farasi mwoga wa mkono. Ila yule anayependa kuegemea atapata kitu kizuri cha kuegemea, na farasi wako aliyetoka kwenye mbio ndiye huyo.

Kuhusu madini: chuma cha pua hakina lawama. Chuma kitamu, yaani kile kisichozuia kutu, kinashika kutu ya kahawia, usikishangae, farasi wengi wanaipenda ladha yake. Shaba wanaipenda pia ila ni laini na inalika. Mpira na plastiki ngumu vinamsaidia mwenye vidonda, lakini farasi wengine huvitafuna mpaka vikatoka vipande.

5. Pete za pembeni

Hapa ndipo mrukaji anapopata msaada bila kuongeza ukali, na watu wengi hawalitumii. Pete inayozunguka huru inaifanya lijamu isitulie, hivyo farasi hapati mahali pa kulalia uzito wake. Kwa mzee wa mbio ni nzuri mno. Weka raba za kulinda midomo ukiona inamfinya. Pete ya umbo la yai inatulia, inamfaa mwenye wasiwasi. Ya umbo la herufi D inatulia na pia inalisukuma shavu unapogeuza. Ndiyo wengi wa farasi hawa waliyoizoea uwanjani, kwa hiyo ukitaka wasahau maisha yale, usianze nayo. Ya vijiti virefu juu na chini ya mdomo ni rafiki wa farasi mchanga ambaye kila ukigeuza kwenda kiunzi cha pili yeye anaelekea langoni. Vijiti hivyo hukwama kwenye vitu, basi usimfunge farasi popote akiwa amevaa.

6. Mvalishe sawasawa

Asubuhi ya Julai kule Limuru au Molo, chuma kimelala kwenye baridi usiku kucha. Kipashe moto mikononi kwanza. Jaribu wewe mwenyewe kukiweka kinywani uone.

Kikae kwenye ufizi mtupu bila kugonga chonge. Mikunjo ya pembe za mdomo, mmoja au miwili, ni dalili tu. Farasi wenye midomo minene hukunjika haraka na wenye midomo mirefu huchelewa, kwa hiyo fungua mdomo uangalie ndani. Mkanda wa pua upitishe vidole viwili juu ya mfupa wa pua. Kuna tabia ya kuukaza mkanda huo ili farasi asifungue mdomo. Ukiufunga mdomo hujamwondolea sababu ya kuufungua, umejizuia tu kuiona.

7. Mjaribu kwa mita 18

Hiki ndicho kipimo changu, na ndicho kilichonisaidia kuacha kubahatisha. Weka viunzi viwili vidogo vya msalaba, sentimita 60 hivi, umbali wa mita 18 kutoka kimoja hadi kingine. Hatua moja ya farasi wa kawaida katika kanta, ule mwendo wa kurukia, ni kama mita 3.6. Toa nusu hatua ya kutua na nusu ya kujiinua: unabaki na hatua nne. Kwa viunzi vidogo hivyo farasi mwenye hatua fupi ataona kidogo ni mbali, basi punguza nusu mita kama hana haraka kabisa.

Mpe rafiki simu, asimame pembeni katikati, apige video. Ruka mara tatu kwa lijamu uliyonayo, ukikaa ulivyo siku zote. Kisha tazama mambo mawili. Kwanza hesabu hatua. Nne, vizuri. Tatu ndefu zilizovutika, anakukimbia baada ya kutua. Tano za kusitasita, huenda lijamu ni kali au mkono wako ni mzito. Pili, simamisha picha akiwa katikati ya kiunzi cha kwanza. Shingo imenyooka mbele, pua mbele? Au kichwa kimepanda, masikio karibu yakuguse kifua, mdomo wazi?

Badilisha kitu kimoja. Kimoja tu. Ukibadilisha lijamu, mkanda wa pua na mpandaji siku moja, hutajua kilichosaidia ni kipi. Mpe kila badiliko wiki moja au mbili, maana farasi wengi huwa wapole siku za kwanza za lijamu mpya kwa sababu ya ugeni wake. Ndiyo hizo siku tatu nilizodanganyika nazo.

Na kwa huyu wa mbio, wakati wa jaribio acha kuvuta na kukaa hapo hapo. Baada ya kutua, kaa wima, bana hatamu ya nje kama unakamua sifongo, achia, bana, achia. Ukiishikilia anapata ukuta wa kuegemea, na kwake yeye ukuta huo ni joki anayemwambia twende.

8. Akibaki na nguvu kukushinda

Wapo. Farasi wakubwa, mpandaji mwepesi, uwanja wa nje wenye mteremko, viunzi vimepanda hadi mita moja na ushei. Hapo kupanda ngazi moja ni halali, na huenda kukawa upole kuliko kuvutana dakika nzima kwa lijamu nyepesi. Sharti ni mkono uliotulia.

Gagi ya pete tatu ndiyo inayoonekana sana. Hatamu ikiwa kwenye pete kubwa inafanya kazi karibu kama snafeli. Ukiishusha kwenye pete ya chini unapata mtaimbo, na kila unapovuta kuna mgandamizo nyuma ya masikio pamoja na mdomoni. Itumie kwa hatamu mbili, moja pete kubwa, moja ya chini, na ya chini uiguse pale tu unapohitaji. Wengi huweka moja tu, chini kabisa, na kumpa mtoto. Hilo silipendi.

Pelamu ina mtaimbo na mnyororo wa kidevu. Mnyororo ulale bapa, usiojisokota, na ushike pale tu vijiti vya lijamu vinapofika kama nyuzi 45. Inamtuliza farasi anayerusha kichwa juu baada ya kutua, lakini anayezamisha kichwa na kulalia mbele inaweza kumfanya azame zaidi.

Hakamori haina kitu mdomoni. Inabana pua na kidevu. Mwenye kidonda mdomoni anaweza kuendelea na kazi akiivaa, ila kugeuza ni kugumu na ina nguvu kuliko inavyoonekana. Ikae juu ya mfupa wa pua. Ikishuka kwenye ile sehemu laini karibu na matundu, unambana pumzi.

Ukitumia matingeli, ule mkanda wa kifuani wenye pete zinazopitishwa hatamu, pamoja na lolote kati ya haya, weka vizuizi vya ngozi kwenye hatamu ili pete zake zisipande na kunasa kwenye lijamu. Ikinasa akiwa angani, mnaanguka wote wawili.

Kama unakwenda mashindanoni, soma kanuni za shindano lenyewe kabla ya kulipa ada. Pelamu na gagi zinazopita kwenye kuruka kwa kawaida haziruhusiwi kwenye dresaji, yale mashindano ya mwendo bila viunzi, na mashindano ya watoto mara nyingi yana masharti yake.

9. Za mitumba

Kwa kuwa nyingi zinaletwa kutoka nje na bei zinauma, tunauziana. Hakuna ubaya. Nenda na kipande cha pamba ukipitishe juu ya chuma chote, hasa kwenye viungo na matundu ya pete. Kikinasa uzi hata mmoja, kuna makali yatakayokata mdomo. Tikisa kiungo; kikicheza kupita kiasi, chuma kimelika. Na usimpelekee fundi wa jua kali akuchomelee lijamu iliyoachana. Nawaheshimu, geti langu wamelitengeneza wao, lakini mshono wa kulehemu mdomoni ni msumari.

Kila ukimaliza kupanda, chovya lijamu kwenye ndoo ya maji kabla mate na nyasi havijakauka. Wakati huo huo pitisha kidole gumba pembe zote mbili za mdomo wa farasi. Ngozi ikiwa nyekundu au imevimba, kesho haruki. Ukikuta damu, rudi namba 1.

Tarishi sasa anavaa ile ya viungo viwili, pete huru, milimita 16. Mita 18 anazipiga kwa hatua nne, isipokuwa siku za Jumapili upepo ukituletea harufu ya nyama choma kutoka ng'ambo ya barabara. Siku hizo ni tatu na nusu, na sijui ile nusu huwa anaiweka wapi.